Riwaya Zilizoandikwa Stesheni

Vijana wa Thabai hawapandi treni. Katika A Grain of Wheat, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o ya mwaka 1967, kila Jumapili wanashuka hadi stesheni ya Rung'ei, wanasimama jukwaani, treni ya abiria inaingia, inasimama, inaondoka, nao wanarudi makwao. Hawana tikiti. Hawana mgeni wa kumpokea. Wamekuja kuonana, kupiga soga, kucheka, kuangalia nani amekuja na nani na nani leo hakuja.

Mwaka huu nimezisoma upya riwaya tatu zinazoizunguka reli ya Mombasa: hiyo ya Ngũgĩ, The In-Between World of Vikram Lall ya M. G. Vassanji (2003), na Dance of the Jakaranda ya Peter Kimani (2017). Nilizisoma kwa kuvizia, kidogo kidogo, nikiwa kwenye treni ya SGR kati ya Nairobi na Voi, safari ninayoifanya mara kwa mara kwa sababu za kifamilia. Kusoma kitabu cha reli ukiwa ndani ya treni ni jambo la kitalii kidogo, najua. Lakini kuna kitu kilinisumbua na ningependa kukisema hapa, mahali ambapo watu bado wana subira ya kubishana kuhusu vitabu.

Naona riwaya zetu bora za reli ni riwaya za stesheni. Safari yenyewe, ile ya kuketi dirishani na kutazama nchi ikikimbia, tumewaachia wageni waiandike. Wenyeji wameandika kusimama, kungoja, kuuza, kuaga na kuchungulia. Kwa hiyo njia ya reli inapohamishwa, hadithi zinapoteza mahali pa kutokea.

Nianze na ile Jumapili ya mbio, maana bila hiyo hoja yangu haina miguu.

Gikonyo ni fundi seremala. Karanja anapiga gitaa. Wote wawili wanamtaka Mumbi. Wanashindana kukimbilia treni, na mwandishi wa kawaida hapo angempa mshindi msichana, tukaendelea. Ngũgĩ anafanya jambo la kikatili zaidi. Gikonyo anabaki nyuma msituni pamoja na Mumbi. Karanja anakimbia kwa nguvu zake zote, anafika jukwaani wa kwanza, anageuka. Hakuna mtu nyuma yake. Ameshinda mbio ambazo wenzake walishaziacha.

Kila nikifika hapo naweka kitabu chini kidogo. Karanja atakuja kuwa homugadi wakati wa Hali ya Hatari, atawatumikia Waingereza, na wahakiki wameeleza usaliti wake kwa njia nyingi: woga, tamaa, siasa. Yote sawa. Lakini mimi namuona akiwa pale jukwaani, watu wamejaa, treni inapuliza, na yeye yuko peke yake katikati ya umati uliokuja mahsusi ili usiwe peke yake. Aibu ya namna hiyo haiwezi kutokea shambani wala nyumbani kwa mama. Inahitaji mahali ambapo kijiji kizima kimekusanyika bila shughuli. Ngũgĩ alihitaji jukwaa, kwa maana zote mbili za neno hilo.

Tazama pia treni yenyewe inafanya nini katika tukio hilo. Haifanyi chochote. Inaingia na kutoka kwa saa yake. Ratiba ile ilipangwa ili pamba, kahawa na maafisa wafike wanakotakiwa kufika, na vijana wa Thabai wakaigeuza kuwa saa ya mapenzi na umbea. Sijui mfano mwingine mzuri hivyo, katika riwaya zetu, wa watu kukichukua kitu cha mkoloni na kukitumia kwa kazi ambayo mwenyewe hakuiota. Na hakuna hotuba hata moja! Ngũgĩ wa vitabu vya baadaye angetuwekea hotuba.

Karibu na mwisho wa riwaya, Uhuru umeshapatikana, Karanja anaondoka Thabai. Anafika kwenye kivuko cha reli na treni inampita kwa kishindo, yeye amesimama tu. Ni reli ile ile, lakini sasa hakuna jukwaa, hakuna gitaa, hakuna Mumbi. Mwandishi amemnyang'anya stesheni akamwachia mataruma.

Sasa, njia. Tukisema "reli ya zamani" tunaongea kana kwamba ilikuwa moja na ilitulia mahali pamoja kwa zaidi ya miaka mia. Haikutulia. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikagusa Ziwa Viktoria Desemba 1901, pale palipoitwa Port Florence, Kisumu ya leo. Waliiita Reli ya Uganda, na wakati mataruma yanalazwa huko ziwani jina lilikuwa la haki, kwa kuwa Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda. Mwaka uliofuata, 1902, Waingereza wakauhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda, wakauingiza katika himaya yao ya Afrika Mashariki, nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Reli ya Uganda ikajikuta haifiki Uganda, na haikusogea hata inchi moja! Mpaka ndio uliosogea. Aliyetaka kwenda Kampala alishuka Kisumu akapanda meli. Baadaye njia kuu ikachepuka kutoka upande wa Nakuru, ikafika Eldoret mwaka 1924, Kampala mwaka 1931, na Kisumu iliyokuwa mwisho wa safari ikawa tawi la pembeni. Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na shirika la reli likagawanywa kama vyombo vya nyumba ya waliotalikiana.

Nayasema haya kwa sababu ya riwaya. Treni ya abiria wanayoitazama vijana wa Ngũgĩ inatoka pwani na kwenda Kampala. Haikuwa hivyo tangu zamani za mababu. Ilikuwa hivyo kwa kipindi fulani tu, kipindi ambacho kijana wa Limuru angeweza kusimama mahali pamoja na kuona watu wa mataifa mawili wakimpita dirishani. Msomaji wa leo anapita sentensi hiyo bila kujikwaa. Ajikwae.

Kuna vitabu vya upande wa pili, vile vya wageni, na siwezi kuviruka kabisa maana ndivyo vinavyouzwa katika maduka ya watalii. John Henry Patterson, mhandisi aliyesimamia daraja la mto Tsavo, aliandika The Man-Eaters of Tsavo mwaka 1907 kuhusu simba wawili aliowaua Desemba 1898. Kama hadithi ya kuwinda, ni kitabu kinachosomeka, nakubali. Usiku wake unatisha kweli. Lakini angalia anavyohesabu. Wafanyakazi Wahindi walioliwa anawapa idadi kamili, 28. Waafrika anasema walikuwa wengi, ila hakuna aliyeweka kumbukumbu. Simba wenyewe wana anwani hadi leo, jumba la makumbusho la Field huko Chicago. Wale wengine hawana hata namba. Mimi naona sentensi hiyo ndiyo iliyowapa kazi waandishi wote waliofuata, wajue wasijue.

Charles Miller naye alituletea The Lunatic Express mwaka 1971, na jina hilo likawa la treni yenyewe katika vinywa vya watalii. Ukisoma makala za wasafiri wa miaka ya tisini na elfu mbili utakutana na mambo yale yale: vitambaa vyeupe vya meza vilivyochakaa, kengele ya chakula cha jioni, matandiko, swala na pundamilia alfajiri, treni kuchelewa saa sita, na mwandishi kuchekeshwa na kuchelewa huko. Hiyo ndiyo reli wanayoililia. Mimi nimesafiri daraja la tatu utotoni, na kitambaa cheupe sikukiona. Tuliona migongo ya watu.

Na tusisahau kwamba madaraja yale, kabla ya Uhuru, yalikuwa ya rangi: Mzungu la kwanza, Mhindi la pili, Mwafrika la tatu. Kwa hiyo nikisema hapa kuna kitu kimepotea, tafadhali msinihesabu pamoja na wenye kulilia vitambaa.

Turudi kwenye riwaya. Vassanji anaijua reli kwa namna ambayo Ngũgĩ haijui, na Ngũgĩ hakuwa na haja ya kuijua. Msimulizi wake, Vikram Lall, ni mjukuu wa kibarua aliyeletwa kutoka Punjab kuja kujenga. Walikuwa takribani 32,000 waliokuja kwa mikataba namna hiyo kutoka India, na karibu 2,500 walifia kazini. Wengi wa waliopona walirudi kwao, na wachache wakabaki. Familia ya Vikram ilibaki, ikafungua duka Nakuru, na Vikram anakua pamoja na dada yake Deepa, Njoroge mjukuu wa mtunza bustani, na watoto wawili wa Kizungu. Sehemu hiyo ya utotoni, mwaka 1953, ndiyo watu huisifu. Inastahili.

Mimi lakini nimevutiwa safari hii na ile sehemu ambayo wahakiki wengi huipita haraka, Vikram akiwa mtu mzima ameajiriwa na wizara ya uchukuzi. Anaipenda reli kama mtoto anavyopenda mwanasesere. Na kupitia kazi hiyo hiyo anaingia katika biashara ya kubeba pesa za wakubwa, taratibu, bila uovu wa kuonekana, mpaka anakuwa mmoja wa watu wafisadi kupindukia barani. Vassanji ameelewa kwamba reli ni pia mafaili. Ni zabuni, vipuri, sahihi, mtu wa kupigiwa simu. Babu alibeba chuma na mjukuu anabeba bahasha. Sijui riwaya nyingine ya Kenya inayoonyesha kwa utulivu huo jinsi kitu unachokipenda kinavyoweza kuwa mlango wa kuozea.

Udhaifu wake ni kwamba Vikram anasimulia kutoka Kanada, mbali, kwenye baridi, na umbali huo unampa sauti ya mtu asiyechomwa tena na chochote. Kuna kurasa unatamani umtikise. Lakini hata udhaifu huo una maana: huyu ni mtu wa katikati, kichwa cha kitabu kimeshatuambia, na mahali pa mtu wa katikati, nathubutu kusema, ni stesheni. Si mwenyeji wala si msafiri.

Nilikuwa naisoma sehemu ya wizara Novemba 2022, kwa mara ya kwanza ile, wiki ambayo serikali ilitoa hadharani sehemu ya mikataba ya mkopo wa SGR iliyotiwa sahihi mwaka 2014. Miaka minane! Watu mitandaoni waliisoma mikataba ile kama riwaya, kifungu kwa kifungu, wakitafuta mhalifu. Vikram Lall angeisoma akiwa na chai mkononi, akijua ni ukurasa gani haumo.

Peter Kimani ana bahati na balaa ya tarehe. Dance of the Jakaranda ilitoka mwaka 2017, mwaka ule ule ambao Madaraka Express ilizinduliwa, Mei 31, na abiria wa reli ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa wakaambiwa kwaheri. Riwaya yake inachukua wanaume watatu wa wakati wa ujenzi: McDonald, mkoloni anayesimamia reli akitumaini kupewa cheo, Turnbull, mhubiri, na Babu Salim, fundi kutoka India. Inawaunganisha na mwaka 1963, Nakuru, ambapo Rajan, mjukuu wa Babu, anaimba katika hoteli ya Jakaranda. Usiku mmoja, taa zimezimika, msichana asiyemjua anambusu gizani na kutoweka. Rajan anamtafuta. Akimtafuta, historia inafumuka.

Kimani ana ulimi. Anapenda kuchekesha, na sentensi zake zina mwendo wa mtu anayesimulia akiwa amesimama. Lakini nitasema ninavyoona: treni yake ndiyo sehemu dhaifu ya kitabu. Inapoingia, inaingia kama mnara wa kumbukumbu. Ni kubwa, inaunguruma, inafananishwa na nyoka, wanyama wanakimbia, wenyeji wanashangaa. Jamani, nyoka wa chuma tumeshamchoka. Utabiri wa Mugo wa Kibiro ni wetu sote, ila ukitumika kila mara kama tarumbeta ya kufungulia hadithi unabaki kuwa pambo. Kwa Ngũgĩ treni ni kitu cha Jumapili, wameizoea, wanaijua saa yake. Mazoea hayo ndiyo yanayotia uhai.

Ambapo Kimani anapata kila kitu sawasawa ni hotelini. Jakaranda ilianza kama nyumba ambayo McDonald alimjengea mkewe Sally, mke mwenyewe akaikataa. Sasa ni mahali pa watu kungoja: wanangoja mziki, wanangoja kuonekana, wanangoja uhuru ambao uko miezi michache mbele. Watu wa rangi zote wanaruhusiwa kukaa pamoja bila kujua wakae vipi. Ndiyo stesheni hiyo! Busu la gizani lingeweza kutokea Rung'ei. Kimani, bila shaka akijua anachofanya, ameichukua stesheni akaiezeka paa na kuiwekea baa. Nikiisoma hivyo naipenda zaidi riwaya yake kuliko nikiisoma kama riwaya ya ujenzi wa reli, jinsi jalada linavyotaka.

Haya. Na sasa njia mpya.

Reli ya kisasa haifuati ya zamani hatua kwa hatua. Mombasa, stesheni ya zamani iko kisiwani, mwisho wa barabara ya Haile Selassie. Mpya iko Miritini, bara. Nairobi, ya zamani iko katikati ya mji, nayo pia kando ya Haile Selassie (sijui mfalme yule alikuwa na mkataba gani na treni zetu). Mpya iko upande wa Syokimau. Kati ya hapo treni ya kaunti inasimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani, na ile ya moja kwa moja inawapita karibu wote hao kama jirani mwenye deni. Reli ya zamani ilikuwa na stesheni Makindu, Sultan Hamud, Mackinnon Road na nyingine ndogo ndogo ambazo majina yake ukiyasoma kwa mfululizo ni shairi tayari. Oktoba 2019 reli mpya ikaendelezwa hadi Suswa, na hapa ndipo nilipoketi wima nikiangalia ramani. Haipiti Limuru. Inaenda Ongata Rongai, Ngong, inaingia chini ya vilima kwa handaki, inatokea Mai Mahiu. Mji ambao karibu yake Ngũgĩ alizaliwa na ambao stesheni yake kila msomaji huiona nyuma ya Rung'ei, uko nje ya njia.

Hilo la ramani bado ni dogo. Kubwa zaidi ni jukwaa. Kwenye SGR bila tikiti na kitambulisho huingii. Mabegi yanapangwa chini kwa mstari, mbwa wa polisi wananusa, mizigo inapita kwenye mashine, unapanda ukumbini, unakaa, unaitwa. Jukwaani unafika ukiwa tayari ni abiria, na treni ikishaondoka hakuna anayebaki ila mfanyakazi aliyesimama wima na kupiga saluti. Usalama una sababu zake, na Kenya tumezika watu wa kutosha kujua sababu hizo. Sipingi. Ila nasema kama msomaji: Gikonyo, Karanja na Mumbi wasingeruhusiwa kupita getini. Mbio zile zingeishia kwenye uzio.

Shangazi yangu aliuza mayai ya kuchemsha na machungwa stesheni ya zamani pale Voi kwa miaka mingi. Alijua habari za Mombasa kabla redio haijazitangaza. Alijua nani amerudi mjini na mimba na nani amerudi na godoro. Ukitaka mwanzo wa riwaya, huyo hapo, amekaa juu ya kreti la soda. Leo wauzaji wako nje ya geti, kando ya barabara, na abiria wanaowaona ni wale tu wanaoshuka. Wanaopita hawawaoni kabisa, vioo vimefungwa, kiyoyozi kinafanya kazi. Sisemi maisha ya shangazi yalikuwa mazuri. Alichakaa kwa jua lile. Nasema alikuwa mahali ambapo nchi ilimpita karibu na yeye akaipa bei.

Safari moja, karibu na Emali, mzee aliyeketi mkabala nami alinigusa goti.

"Mwanangu, Makindu tumeshafika?"

"Tumeshaipita, baba."

"Mbona sikuiona?"

Alikuwa amekesha dirishani. Aliniambia ujana wake walikuwa wanashuka kula bure kwenye hekalu la Masingasinga, wali na dengu, kisha wanaendelea. Hekalu hilo lipo hadi leo, lilijengwa mwaka 1926 na Masingasinga wa reli, na bado linalisha yeyote anayeingia, awe wa dini gani. Kilichokosekana ni stesheni ya abiria. Mackinnon Road vile vile kuna kaburi la Sayyid Baghali, msimamizi wa vibarua kutoka Punjab ambaye husimuliwa kwamba karai la mchanga alilobeba lilielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Madereva wa malori wanasimama kuomba dua. Nimewasikia watu wa Mombasa wakisimulia karai hilo kwa namna tano tofauti, na ningezitoa kurasa mia za Patterson nipate moja ya hizo ikiwa imeandikwa vizuri kwa Kiswahili.

Maana hilo nalo lisemwe: riwaya zote tatu nilizozitaja ziliandikwa kwa Kiingereza. Lugha iliyozungumzwa kwenye majukwaa yale, iliyouzia mayai, iliyogombania viti, iliyoitia treni majina, ni Kiswahili. Tumelipa gari la moshi jina zuri kiasi hicho, halafu rafu yangu ya riwaya za Kiswahili ni ya mabasi na matatu. Kuna mtu ataniambia riwaya imehamia stejini, na kwa upande fulani ni kweli: stejini kuna kungoja, kuna umbea, kuna wizi, kuna mapenzi. Lakini steji haina ratiba. Basi likijaa linaondoka. Kile kilichofanya Jumapili ya Rung'ei iwezekane ni kwamba treni ingekuja saa ile hata kama hakuna anayeipanda, ikaondoka hata kama Mumbi hajafika.

Desemba 2021 treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu ilirudishwa, na ilirudi juu ya reli ile ile ya zamani yenye upana wa mita moja, kwa hiyo ikapita tena Limuru, Naivasha, Nakuru. Nakuru ya Vikram, Nakuru ya Rajan. Bila mwandishi yeyote kuombwa ruhusa, njia ya riwaya zote tatu ikawa na abiria tena, wakati njia kubwa, iliyokopewa mabilioni, ilikuwa inaishia Suswa ikisubiri mipango. Sijaona hadithi hata moja kuhusu treni hiyo ya Kisumu. Watu wanaipanda Desemba na mabegi ya sikukuu, wanalala wamekaa, wanafika asubuhi wakiwa na vumbi la nchi nzima. Wanasimamishwa kwenye stesheni zenye kuta zilizoandikwa majina kwa rangi iliyobanduka. Ukisubiri riwaya kubwa ya SGR yenye wahandisi wa Kichina na mawaziri, nadhani utasubiri sana, na ikija itakuwa na nyoka.

Kama hujasoma chochote kati ya hivi, anza na sura ya mbio ndani ya A Grain of Wheat, hata kabla ya kujua Mugo ni nani. Halafu Vassanji, na usiiruke wizara. Kimani msome usiku, kwa sauti kama unaweza. Patterson mwache mwisho, ukimfikia hesabu mwenyewe. Na kama kuna aliyeandika hadithi fupi kwa Kiswahili inayotokea Emali au Miasenyi, saa moja kabla ya treni ya kaunti kufika, aniletee. Nitaisoma nikielekea Voi.